Warioba na Rasimu Isiyomfikia Mpiga Kura

Kuna jambo moja kuhusu Joseph Sinde Warioba ambalo wengi wetu tunalipita haraka tukikimbilia vurugu za 2014. Katiba tunayoitumia hadi leo ilipopitishwa, tarehe 25 Aprili 1977, Mwanasheria Mkuu wa Serikali alikuwa yeye. Alikuwa hajafikisha miaka 37. Tume ya watu 20 chini ya Sheikh Thabit Kombo, ileile iliyokuwa imetoka kuandika katiba ya chama kipya cha CCM, ndiyo iliyopewa kazi ya kuandika na katiba ya nchi. Wabunge waliokuwepo wakageuzwa kuwa Bunge Maalumu, na ndani ya wiki chache kazi ikaisha. Hakuna aliyefika Sirari wala Mugumu kuuliza watu wanataka nini.

Miaka 35 baadaye mtu huyohuyo akawa mwenyekiti wa tume iliyozunguka nchi nzima kuuliza. Safari ya kutoka kule hadi huku ndiyo ninayotaka kuifuata hapa, na nitaifuata nikiwa nimesimama Tarime, kwa sababu kutoka huku baadhi ya mambo yanaonekana tofauti na yanavyoonekana Dodoma.

Kwanza tuweke jiografia sawa. Warioba alizaliwa Bunda tarehe 3 Septemba 1940. Bunda si Ukuryani. Iko kusini, karibu na ziwa, ng'ambo ya Mto Mara ukitokea kwetu, na Serengeti inakaa upande wake wa mashariki. Nje ya mkoa watu hawana habari na hayo, ukishasema unatoka Mara wewe ni Mkurya, basi, na panga lako liko mgongoni. Lakini majina yanavuka mito. Irioba kwetu ni jua, na akina Rioba na Warioba utawakuta pande nyingi za mkoa. Kwa hiyo mtu wa Tarime humwita mzee huyu "wetu" bila kuona aibu, hasa siku anapowasema wakubwa.

Alipomaliza shahada ya sheria Dar es Salaam mwaka 1966, kitivo chenyewe kilikuwa na umri wa miaka mitano tu. Kilianza Oktoba 1961 na wanafunzi 14 kwa Afrika Mashariki yote. Unaweza kupata picha ya uhaba uliokuwepo. Nchi imepata uhuru, ina mahakama na ina sheria za Mwingereza kwenye makabati, ila wanasheria wake wenyewe unawahesabu kwa vidole. Kijana akitoka chuoni na shahada ya sheria, serikali ilikuwa inamngoja mlangoni. Warioba akawa Wakili wa Serikali mpaka 1968, kisha mwanasheria wa Halmashauri ya Jiji la Dar es Salaam mpaka 1970, akapitia na Chuo cha Sheria za Kimataifa kule The Hague. Mwaka 1976 akapokea kiti cha Mark Bomani, Mwafrika wa kwanza kuwa Mwanasheria Mkuu wa nchi hii.

Upande huu wa maisha yake ndio unaosahaulika. Warioba hakuanza kama wakili wa wanyonge. Alianza kama wakili wa dola, na dola hiyo ilikuwa ya chama kimoja, yenye sheria ya kumweka mtu kizuizini bila kesi, na katiba isiyokuwa na Hati ya Haki. Mwaka 1983 ilitungwa sheria ya hujuma za uchumi, ile ya msako wa walanguzi wakati wa Waziri Mkuu Edward Sokoine. Ilifanya kazi kurudi nyuma, maana yake ungeweza kuadhibiwa kwa jambo ulilolifanya kabla sheria haijakuwepo. Kesi zilikwenda kwenye baraza maalumu nje ya mahakama za kawaida, bila dhamana na bila wakili. Wananchi wengi waliipigia makofi, maana sabuni na sukari zilikuwa zimeadimika na kila mtu alitaka mchawi apatikane. Mwaka uliofuata ilibidi itungwe nyingine kuirekebisha. Warioba mwaka huohuo wa 1983 alitoka uanasheria mkuu akawa Waziri wa Sheria. Haiwezekani kumsimulia mtu huyu kwa haki ukairuka miaka hiyo, na sidhani kama yeye mwenyewe anahitaji tuiruke.

Na kabla ya hapo kulikuwa na vita.

Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yaliingia Kagera, na tarehe 11 Aprili 1979 Kampala ikawa mikononi mwa wanajeshi wetu na Waganda waliokuwa nao. Hadithi hii tumesomeshwa shuleni kama hadithi ya ushindi, nayo ni kweli. Kinachokosekana kwenye vitabu vya shule ni kilichorudi nyumbani pamoja na askari. Wakurya ni watu wa jeshi tangu enzi za KAR, familia nyingi za Tarime zina mzee mmoja aliyevaa sare. Mwanaanthropolojia wa Marekani, Michael Fleisher, aliyefanya utafiti Tarime miaka ya 1990, aliandika kitabu kizima kuhusu wizi wa mifugo huku, Kuria Cattle Raiders, kilichochapishwa mwaka 2000. Anaeleza jambo ambalo wazee wa huku wanalijua bila kulisoma, kwamba baada ya vita vya Uganda bunduki zilimiminika, na wizi wa ng'ombe ukageuka kuwa kitu kingine kabisa.

Zamani vijana walikwenda kuiba kwa mikuki na mishale, tena sehemu kubwa ya ng'ombe hao iliishia kwenye mahari. Sasa ikawa biashara. Ng'ombe anachukuliwa usiku, kabla ya mapambazuko ameshavuka mpaka, na Kenya kuna soko linalolipa taslimu. Aliyekuwa na bunduki alikuwa na mtaji. Wakira, Wairegi, Wanyabasi, Wanchari, Watimbaru, Wanyamongo, koo zilizokuwa na ugomvi wa zamani zikapata silaha za vita vya kisasa. Kule Serengeti, Waikoma, Wanata, Waisenye na Wangoreme walipoteza mifugo mpaka baadhi ya maboma yakabaki na mbuzi tu. Watu walihama. Wengine walilala porini, ng'ombe wakilala ndani ya nyumba.

Hapo ndipo swali la sheria linapokuwa la kweli, si la mtihani wa chuoni. Polisi ni wachache, kituo kiko mbali, gari halina mafuta. Ukimshika mwizi ukampeleka mahakamani, wiki ijayo unakutana naye mnadani anakusalimia. Watu wa Tarime wakafanya walichokuwa wanakijua. Wakurya wana mkutano wa wazi unaoitwa iritongo, ambapo watu wa eneo hukaa chini, mtuhumiwa husimamishwa mbele, na kila mwenye neno husema. Nyuma yake kuna inchama, baraza la siri la wazee, lenye mambo yake ya mila. Sungusungu, walioanza kwa Wasukuma na Wanyamwezi mwanzoni mwa miaka ya 1980, walipofika Tarime walipandikizwa juu ya iritongo. Mkutano uliwachagua makamanda, na ukawatuma kufuata nyayo.

Usinielewe vibaya, sipambi. Kwenye iritongo mwanamke alikuwa hana sauti yenye uzito. Viboko vilipigwa mpaka watu wakafa. Waliotajwa kwa chuki walipotea kama walivyopotea wezi wa kweli. Ila ng'ombe walianza kurudi, na hilo ndilo lililowafanya watu waupende utaratibu huo. Tena kulikuwa na jambo ambalo mahakama haikuwa nalo. Aliyehukumiwa aliwaona kwa macho yake watu waliomhukumu, na waliohukumu walijua kesho watakutana naye kisimani.

Sasa mrudishe Warioba kwenye picha. Novemba 1985, Mwalimu ameng'atuka, Ali Hassan Mwinyi ameingia Ikulu, na Waziri Mkuu ni Warioba, akiwa pia Makamu wa Kwanza wa Rais. Akakaa hapo mpaka Novemba 1990. Ilikuwa serikali ya kuokota vipande baada ya vita. Hazina ilikuwa tupu, na mwaka 1986 nchi ikakubaliana na Shirika la Fedha la Kimataifa masharti ambayo Mwalimu alikuwa amekataa kuyameza. Lakini kwa mwanasheria kuna tarehe nyingine zenye uzito zaidi.

Akiwa Waziri wa Sheria, mwaka 1984, Katiba ilifanyiwa mabadiliko ya tano, na Hati ya Haki ikaingizwa kwa mara ya kwanza. Serikali haikuipenda sana. Iliogopa kushtakiwa kila siku, kwa hiyo ilijipa miaka mitatu ya kujiandaa, haki zipo kwenye karatasi lakini hakuna ruhusa ya kuzidai mahakamani. Muda huo ulikwisha Machi 1988, Warioba akiwa Waziri Mkuu. Mwaka mmoja tu baadaye, 1989, Bunge likapitisha marekebisho ya sheria za mgambo yaliyowapa sungusungu uwezo wa kukamata watu kama polisi.

Ziweke hizo mbili kando kwa kando uone. Serikali ileile, ndani ya miezi isiyozidi ishirini na michache, inamwambia mtu wa Tarime kwamba sasa una haki ya kusikilizwa na mahakama huru, kisha inamwambia jirani yake mwenye rungu kwamba sasa una mamlaka ya kumkamata huyo. Sioni unafiki hapo. Naona serikali iliyojua kwamba sheria yake haifiki Nyamwaga, ikaamua kukopa iliyokuwa inafika. Ila mkopo una riba, na sisi huku tuliilipa.

Hati ya Haki nayo haikukaa kimya. Mahakama Kuu ya Mwanza, ambayo wakati ule ndiyo iliyobeba kesi nzito za Mara, ilikuwa na Jaji James Mwalusanya. Huyu alianza kuitumia kwa nguvu iliyowashtua wakubwa, kuanzia suala la dhamana hadi haki ya mwanamke kuuza ardhi ya ukoo aliyorithi, katika hukumu yake maarufu ya 1990 iliyotokana na mgogoro wa Bukoba. Watu wanaodharau kazi za wanasheria wa serikali waitazame hukumu ile. Mwalusanya asingekuwa na cha kushika kama ibara zile zisingeingizwa mwaka 1984, hata kama zilipoingizwa waliozipitisha walikuwa wamekunja uso.

Kuna upande mwingine wa Warioba ambao nitaupitia upesi, ule wa bahari. Mtoto wa ziwani akawa mtaalamu wa sheria ya bahari. Mwaka 1983 alichaguliwa mwenyekiti wa tume ya maandalizi ya Umoja wa Mataifa iliyokutana Kingston, Jamaica, kuandaa vyombo vya kutekeleza Mkataba wa Sheria ya Bahari uliotiwa saini mwaka 1982, akaiongoza hadi 1987. Mwaka 1996 akawa mmoja wa majaji wa mwanzo wa Mahakama ya Kimataifa ya Sheria ya Bahari, akakaa mpaka 1999. Ule ujaji tunaomwita nao kila siku ni wa Hamburg, si wa Kivukoni.

Kabla ya Hamburg alikutana na wapiga kura wa nyumbani. Uchaguzi wa 1995, wa kwanza wa vyama vingi, Waziri Mkuu mstaafu aligombea ubunge wa Bunda kwa CCM, akaangushwa na Stephen Wassira aliyekuwa amehamia NCCR-Mageuzi. Mwingine angenuna na kwenda kulima. Warioba alikwenda mahakamani, na ushindi wa Wassira ukabatilishwa. Ile kesi ilipanda mpaka Mahakama ya Rufani, na hadi leo wanafunzi wa sheria wanaisoma kwa majina yao wawili. Wassira naye alirudi CCM, akaukamata ubunge wa Bunda mwaka 2005, na Januari 2025 akachaguliwa Makamu Mwenyekiti wa chama hicho kwa Bara. Siasa za Mara hazina watu wa kutupa.

Januari 1996 Rais Benjamin Mkapa, aliyekuwa na miezi michache tu Ikulu, alimpa Warioba tume ya kuchunguza kero ya rushwa, na ripoti ikakabidhiwa kabla mwaka haujaisha. Wengi tunaitaja bila kuisoma. Kilichoifanya iwe tofauti ni kwamba haikuishia kwenye mahubiri. Ilitenganisha rushwa ya mtumishi ambaye mshahara haumfikishi tarehe 15 na rushwa ya mkubwa mwenye kila kitu anayetaka zaidi, na ikaeleza idara kwa idara, polisi, mahakama, ardhi, kodi, hospitali, jinsi fedha inavyotoka mkono mmoja kwenda mwingine. Kwa mtu wa Tarime aliyewahi kuona mwizi wa ng'ombe akitoka mahabusu kabla ya mlalamikaji hajafika nyumbani, ripoti ile haikuwa na jipya, isipokuwa kwamba safari hii serikali yenyewe ndiyo iliyosema.

Ilizaa kitu. Ulikuja mkakati wa kitaifa mwaka 1999, na TAKURU ikakua hadi kuwa TAKUKURU kwa sheria ya 2007. Lakini nadhani ilimzaa na Warioba mwingine. Ukiisoma ripoti ya 1996 kisha ukasoma rasimu za 2013, unaona mtu aliyefikia uamuzi fulani katikati. Sheria ya kuwabana wakubwa haiwezi kuachwa ikae mahali ambapo wakubwa wanaifikia kirahisi. Lazima ipandishwe mpaka kwenye Katiba. Ndiyo maana Rasimu ya Katiba ilibeba maadili na miiko ya viongozi ndani ya ibara zake, mahali ambapo nchi nyingi zingeweka kanuni ya utumishi tu.

Niruhusu nitoke nje ya nchi kidogo. Italia ilitoka vitani mwaka 1945 ikiwa hoi na yenye aibu ya miaka ishirini ya Mussolini. Kati ya waliochaguliwa mwaka 1946 kuandika katiba mpya alikuwamo Piero Calamandrei, wakili na profesa wa sheria wa Firenze, mtu wa mashtaka na rufaa aliyejikuta mwanasiasa kwa sababu ya vita. Katiba yao ilianza kutumika tarehe 1 Januari 1948, lakini mahakama ya kuilinda ilianza kazi mwaka 1956 tu. Kabla yake, mwanzoni mwa 1955, Calamandrei aliwaambia vijana wa Milano kwamba katiba ni karatasi, ukiiachia inaanguka na haisogei, lazima kila siku mtu aitie kuni. Tofauti ya Calamandrei na Warioba ni kwamba mwenzake walau aliona karatasi yake ikipita. Vyama vilivyokuwa vikichukiana, Wakatoliki na Wakomunisti, vilikubaliana kuipitisha, kwa sababu kila kimoja kiliogopa kuachwa mikononi mwa mwenzake bila ngao. Kwetu chama kimoja hakikuwa na hofu hiyo.

Aprili 2012 Rais Jakaya Kikwete alitangaza Tume ya Mabadiliko ya Katiba. Warioba mwenyekiti, Jaji Mkuu mstaafu Augustino Ramadhani makamu wake, wajumbe 15 kutoka Bara na 15 kutoka Zanzibar. Angalia waliokuwamo: Salim Ahmed Salim, Joseph Butiku, Profesa Mwesiga Baregu, Profesa Palamagamba Kabudi, Dk. Sengondo Mvungi, Humphrey Polepole. Chama tawala, upinzani, vyuo vikuu na asasi, wote ndani. Tume ikaenda wilaya kwa wilaya. Huku kwetu mikutano yake ilieleweka bila maelezo mengi, maana umbo lake lilikuwa la iritongo. Watu wanakaa chini, mwenye neno anasimama, anayesikiliza anaandika. Safari hii na mama alisimama akasema. Na waliosema walisema ya kwao, fidia ya ardhi iliyochukuliwa Nyamongo tangu mgodi wa North Mara uanze kuzalisha mwaka 2002, tembo wanaomaliza mihogo vijijini kandokando ya hifadhi, polisi, mpaka. Mtu hakuhitaji kujua ibara ni nini ili ajue anachotaka.

Rasimu ya kwanza ilitoka tarehe 3 Juni 2013. Ikapita kwenye mabaraza ya katiba ya wilaya, ikarudi mezani. Tarehe 30 Desemba 2013 Rasimu ya Pili ikakabidhiwa. Katikati hapo Dk. Mvungi alivamiwa nyumbani kwake Dar es Salaam, akafariki Novemba akitibiwa Afrika Kusini. Hakuiona Rasimu ya Pili.

Gumzo lote likaangukia serikali tatu. Hapa kuna kinaya ambacho sijachoka kukifikiria. Warioba, Butiku, Salim ni watu wa Mwalimu Nyerere kabisa. Mwalimu mwaka 1993, wabunge 55 walipotaka serikali ya Tanganyika, aliwashukia, akaandika na kitabu, Uongozi Wetu na Hatima ya Tanzania. Na sasa wanafunzi wake, wawili kati yao kutoka mkoa wake mwenyewe, wanaleta kilekile alichokikataa. Hawakuwa wa kwanza, tume ya Jaji Nyalali ilishapendekeza hivyo mwaka 1991, na kamati ya Jaji Kisanga mwishoni mwa muongo ule. Hoja ya Warioba ilikuwa ya mwanasheria. Zanzibar ilibadilisha Katiba yake mwaka 2010 ikajitaja kuwa nchi, muundo wa serikali mbili umeshatoboka, na ukipuuza tundu maji hayakusubiri. Unaweza kuikataa hoja hiyo. Mimi mwenyewe nina mashaka na gharama zake. Ila haikuwa hoja ya msaliti, na kuna watu waliokazana kuifanya ionekane hivyo.

Kelele za serikali tatu zilifunika mengine, na kwa mtu wa Tarime mengine ndiyo yaliyokuwa na utamu. Wapiga kura kuwa na uwezo wa kumwondoa mbunge kabla ya miaka mitano. Mbunge kuwa na ukomo wa vipindi vitatu. Mawaziri wasiwe wabunge. Mgombea binafsi. Utaona chanzo chake. Mtu aliyezoea mkutano unaomchagua kamanda na kumvua siku akiharibu, ataelewaje kwamba mbunge aliyehamia Dar es Salaam hawezi kuguswa mpaka uchaguzi ujao?

Tarehe 18 Machi 2014 Warioba aliiwasilisha Rasimu kwenye Bunge Maalumu Dodoma. Siku tatu baadaye Rais aliyemteua alisimama palepale, akaichambua na kuipinga hoja ya serikali tatu. Tume ilivunjwa wiki ileile, tovuti yake ikafungwa, na wajumbe walionyimwa nafasi ya kuitetea kazi yao wakabaki wanazungumza na waandishi wa habari. Aprili, wapinzani chini ya mwavuli wa UKAWA wakatoka nje. Waliobaki, wengi wao wa chama tawala, wakaendelea chini ya Samuel Sitta. Tarehe 2 Oktoba wakapitisha Katiba Inayopendekezwa. Serikali tatu nje. Kumwondoa mbunge, nje. Ukomo wa ubunge, nje. Mawaziri nje ya Bunge, nje.

Kisha tarehe 2 Novemba 2014, mdahalo wa Taasisi ya Mwalimu Nyerere katika hoteli ya Blue Pearl, Ubungo. Warioba akizungumza, kundi la watu likaanza kuzomea na kurusha viti. Mzee wa miaka 74, Waziri Mkuu mstaafu, alitolewa ukumbini akizungukwa na waliokuwa wakimkinga. Picha zile zilizunguka sana huku. Katika mila zetu mzee akisimama kwenye mkutano hata kama anaongea pumba unamwacha amalize, halafu unasimama unamjibu. Nakumbuka watu ambao hawakuwahi kuipenda Rasimu wakikasirika kwa hilo tu.

Kura ya maoni ilipangwa Aprili 30, 2015. Daftari la wapiga kura halikuwa tayari, ikaahirishwa, na haijapigwa. Kabudi, aliyekuwa akiitetea Rasimu kwa ufasaha kuliko karibu wote, mwaka 2017 akawa Waziri wa Katiba na Sheria, na Rasimu haikurudi.

Wapo wanaosema Warioba aliyajua mapungufu ya dola baada ya kutoka madarakani, kama wastaafu wote. Kuna ukweli humo. Ila mstaafu wa kawaida anaandika kumbukumbu zake, anawalaumu waliomfuata, basi. Huyu aliipokea kazi ya kuifumua katiba iliyopitishwa yeye akiwa Mwanasheria Mkuu, akaweka ndani yake vifungu ambavyo vingembana yeye mwenyewe akiwa Waziri Mkuu mwaka 1985. Kina Sinde Warioba wa 1977 na wa 2013 wangekutana kwenye chumba kimoja, wangebishana mpaka asubuhi, na sina uhakika yule kijana angekubali kushindwa.

Kwa hiyo kati ya kazi zake zote, ile aliyoiandika baada ya kusikiliza watu wa Nyamongo na Mugumu haina nguvu ya kisheria popote. Iliyo hai ni ile ya 1984, ya serikali ya chama kimoja, iliyoingizwa kwa mashaka na kufungiwa miaka mitatu. Siku hizi Mara ina Mahakama Kuu yake pale Musoma, hatuendi tena Mwanza. Kijana wa Tarime akinyimwa dhamana, wakili wake akisimama pale kumtetea anafungua Katiba ya 1977, anakwenda ibara ya 12 na zinazofuata, na anasoma kutoka hapo.